Lafudhi, Kicheko na Ukimya: Tamthilia za Televisheni Zikitazamwa kutoka Bura

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuipita tamthilia ya televisheni kama mtu apitaye kando ya ngoma ambayo hakualikwa. Aghalabu huandika juu ya Kinjeketile, juu ya Kifo Kisimani, juu ya matini yaliyochapishwa na kutahiniwa, ilhali sehemu kubwa ya hadhira ya drama ya Kiswahili nchini Kenya haijashika kitabu cha tamthilia tangu ilipotoka darasani. Hadhira hiyo ina maoni. Hapa Bura, chini ya milima ya Taita, maoni hayo hutolewa ovyoovyo, dukani na katika matatu ya kwenda Mwatate, baina ya habari za mvua na za ndovu walioingia shambani. Makala haya yanakusudia kuchukua mawili kati ya maoni hayo na kuyapima kama yapimwavyo madai ya mhakiki yeyote.

Oni la kwanza ni kwamba vichekesho vyetu havichekeshi. Kinachochekesha ni lafudhi. Mwenye kulitoa, kwa kawaida, ni mtu wa makamo aliyekulia mbele ya Vitimbi ya KBC na ambaye sasa haoni kipya. Lina ukweli, ila si ukweli wote. Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu. Mzee Ojwang' aliyemwigiza kwa miaka mingi alikuwa Mjaluo wa kusikika hata kabla hajaonekana. Lafudhi ile, basi, haikuwa ya kuzaliwa nayo. Ilikuwa barakoa iliyochongwa kwa kusikiliza, na mwigaji asikilizaye kwa mapenzi hunasa hata pumzi na kusita kwa anayemwiga, ilhali mvivu hunasa konsonanti mbili tatu akaridhika. Mwanafalsafa Mfaransa Henri Bergson, katika kitabu chake cha mwaka 1900 juu ya kicheko, alidai kuwa tunacheka pale kiumbe hai kinapotenda kama mtambo. Lafudhi iliyorudiwa kipindi baada ya kipindi ni mtambo wa namna hiyo hasa. Tatizo ni kwamba kwa warithi wengi wa Ojwang' hakuna tena kiumbe hai nyuma ya mtambo.

Papa Shirandula, iliyoanza katika stesheni ya Citizen mwaka 2007, ni ushahidi mzuri wa tofauti hii. Wengi wanamkumbuka marehemu Charles Bukeko, aliyefariki Julai 2020, kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kiluhya. Lakini ondoa lafudhi hiyo kabisa na kichekesho kitabaki kimesimama, kwa kuwa msingi wake ni uongo mmoja: bawabu anayemficha mkewe kazi yake, anayetoka nyumbani na suti kama karani na kubadili nguo kabla ya kusimama langoni. Huo ni mgogoro wa kitamthilia wenye mizizi katika uchumi wetu, ambamo kazi ya halali inaweza kumwonea mtu aibu hata mbele ya mwenziwe wa ndoa. Tunamcheka Papa huku tukikagua viatu vyetu.

Sasa, katika safu hiyo ndefu ya lafudhi za Wajaluo, Waluhya, Wakikuyu na Wakamba, Mtaita yuko wapi? Katika vipindi tulivyovifuatilia hatujapata kumwona mhusika wa kuchekesha aliyejengwa juu ya Kiswahili cha mwenye Kidawida. Sababu moja ni ya kifonolojia, na inafurahisha. Sauti gh, ambayo huwapiga chenga wazungumzaji wengi wa bara wakaishia kusema "gali" badala ya "ghali", kwa Mtaita ni sauti ya mama. Imo katika Mghange, imo katika Werugha, imo katika Saghala. Anayetaka kumdhihaki hapati pa kuanzia kwa urahisi. Sababu ya pili haifurahishi: huigwa yule ambaye hadhira kubwa inamtambua, na jamii ndogo haitambuliki hata kwa dhihaka. Wapo wanaosema hiyo ni bahati. Sisi hatukubali. Kuachwa nje ya kicheko cha taifa si heshima, ni kutohesabiwa.

Oni la pili huhusu tamthilia za mapenzi na ukoo, na huja kwa umbo la swali: "Kwa nini asimwambie tu?" Linaelekezwa kwa kazi kama Maria (2019), Zora (2021) na Sultana (2022), zote za Citizen na zote kutoka kwa Jiffy Pictures, kampuni ya Rashid Abdalla na Lulu Hassan. Swali linasikika la kitoto, lakini ni uhakiki wa msuko ulio barabara. Tamthilia ya kila jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, huishi kwa siri, na siri ikisemwa kipindi kinakufa. Ucheleweshaji wenyewe si kosa. Shahrazadi wa Alfu Lela Ulela anachelewesha kuliko wote. Lakini yeye ana sababu, kwani akimaliza hadithi atauawa. Katika Maria, binti fukara anayeingizwa katika jumba la akina Hausa na kumpenda Luwi, ambaye tayari ana Sofia, mara nyingi anayenyamaza hana la kupoteza isipokuwa muda wa matangazo ya biashara. Hapo mtazamaji wa Bura amemshinda mwandishi, kwa kuwa amedai motisha naye hakupewa.

Hata hivyo hatuna budi kuzitendea haki kazi hizi kwa jambo ambalo wenye kuuliza swali hilo hawalitaji. Ndani yake Kiswahili hakibebwi ili kichekwe. Katika Sultana, iliyojengwa Pwani na kumweka kati msichana asiyeona, watu hupendana, hudanganyana na huomba radhi kwa lugha ya nyumbani kwao, bila ya mtu kusimama pembeni akiwanyooshea kidole. Kwa mkoa wa zamani wa Pwani hilo ni pato. Ila Pwani hiyo ni ya bahari na baraza. Pwani ya mkonge wa Mwatate, ya vumbi jekundu la Voi na ya wachimbaji wa vito wa Kasighau haimo, ingawa nayo ina siri zake, na nyingine zimemwaga damu.

Kazi iliyokaribia huko ni Country Queen, iliyoingia Netflix mwaka 2022 ikiwa tamthilia ya kwanza ya mfululizo kutoka Kenya katika jukwaa hilo. Akisa, anayefanya kazi Nairobi, anarudi kijijini baada ya miaka kumi na kukuta kampuni ya madini imeitolea macho ardhi ya wazazi wake. Wahusika huzungumza Kiswahili, Kiingereza na Kikamba, na Kikamba hicho ni lugha ya kugombana juu ya shamba na ya kuzungumza na mzee mgonjwa. Tafsiri hupita chini ya picha na hakuna anayetarajiwa kucheka. Mkamba yuleyule ambaye vichekesho vilimpa lafudhi, hapa amerudishiwa lugha. Tofauti ya mambo hayo mawili ndiyo ambayo wanafunzi wetu wa drama wangefaa kuitafiti kabla ya kuandika tasnifu nyingine juu ya nafasi ya mwanamke katika vitabu vya kutahiniwa.

Jiwe la kijani liitwalo tsavoraiti lilipata jina kutokana na Tsavo, na hapa kwetu suala la nani anamiliki kilicho chini ya udongo linajulikana kwa kila nyumba. Watazamaji ambao wangeihakiki Country Queen kwa ujuzi kuliko sisi sote ndio hao. Netflix hulipiwa kila mwezi na huhitaji mtandao usiokatika. Jumba la akina Hausa liliwafikia bure.