Mhindi Wetu Hachezi Ngoma

Hebu chukua hadithi zetu sisi chipukizi wa Kariakoo, umtafute Mhindi. Utamkuta nyuma ya kaunta, anahesabu hela, anauliza "veve taka nini?" Watu wanacheka, basi, mwandishi kamaliza kazi. Na mimi nimo. Hadithi yangu ya kwanza ilikuwa hivyo hivyo, tena nikasifiwa.

Lakini katiza Mnazi Mmoja kwa miguu, ufike Kisutu penye mahekalu ya Wahindu. Kila mwaka, mwezi wa tisa au wa kumi, huwa kuna Navaratri, mikesha tisa ya kumtukuza mungu wa kike. Ngoma yake ni garba, na jina hilo asili yake ni neno la Kisanskriti lenye maana ya tumbo la uzazi. Kwa desturi katikati huwekwa chungu cha udongo chenye matundu, ndani taa inawaka. Wachezaji wanakizunguka wakipiga makofi. Mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia. Baadaye vinatoka vijiti vya dandia, ko-ko-ko. Mduara, makofi, kiitikio: jamani, hiyo si ngoma?

Garba ni ya Wagujarati, ambao ndio wengi kati ya Wahindi wa mji huu. Kusini kabisa mwa India, huko Kerala, wana theyyam: mtu wa tabaka la chini hupakwa rangi, huvikwa taji, mungu humpanda, na mabwana waliokuwa wakimdharau humwinamia. Bibi zetu wasingehitaji mkalimani. Wangesema huyo ni kiti, kama kwenye ngoma ya pepo.

Tutajitetea kwamba wenzetu wamejifungia. Kweli, milango ipo, na majumba yalipotaifishwa mwaka 1971 watu walibaki na vinyongo. Lakini mbona taarabu ilichota tuni za filamu za Kihindi bila kungoja kukaribishwa na mtu? M.G. Vassanji, aliyekulia Dar hii hii, aliuandika mtaa wetu katika Uhuru Street (1991), ila kwa Kiingereza, akiwa Kanada. Kwa Kiswahili tumebaki na "veve".

Wala sisemi turundike sari na udi kila ukurasa. Huo nao ni uvivu, umejipaka manukato tu.

Juzi nimeifungua tena ile hadithi yangu. "Veve" nimeifuta. Duka nimeliacha. Jioni yule bwana anafunga, anaoga, anachukua vijiti vyake viwili na kutoka. Hapo ndipo nimekwama, maana sijui hata anavishikaje.