Kizuri Hakijiuzi: Vyungu vya Wakisi katika Soko la Tukuyu

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Watunzi wengi wamejificha nyuma ya methali hii, wakaamini kuwa kazi njema itafuatwa na mnunuzi pale pale ilipo. Iko sanaa moja, mbali na bahari yetu, inayoweza kuitia methali hiyo katika mizani ya haki: ufinyanzi wa Wakisi, ambao kazi zake huuzwa hadi Tukuyu, mji mkuu wa Wilaya ya Rungwe, kusini mwa Mbeya.

Vyungu hivyo asili yake si Tukuyu. Hutoka Ikombe, ufukoni mwa Ziwa Nyasa, upande ambao leo umo katika Wilaya ya Kyela, nayo Kyela zamani ilikuwa sehemu ya Rungwe. Hapo Milima ya Livingstone imeshuka hadi karibu na maji, ikawaachia Wakisi ukanda mwembamba wa ardhi usiotosha kilimo. Wanaume wakashika uvuvi, wanawake wakashika udongo. Mkisi alitoa chungu, Mnyakyusa mwenye shamba akatoa chakula. Kwa hivyo sanaa hii haikuzaliwa kuwa pumbao, kisha ikatafutiwa soko. Sanaa na soko vililelewa pamoja. Hadi zama zetu vyombo hupakiwa mitumbwini kupelekwa katika gulio la Jumamosi la Lyulilo, karibu na Matema, na kutoka hapo wachuuzi huvipandisha Kyela, Tukuyu na Mbeya. Kizuri hiki hujitembeza, tena mwendo mrefu.

Ama kuhusu uzuri wenyewe, kazi yote ni ya mkono. Chungu chema huwa na ukuta ulio sawa pande zote, tumbo lililojaa bila ya kulegea, na mdomo uliokunjwa kwa kipimo. Mapambo yake ni ya rangi za udongo, nyekundu na nyeupe. Mwenye haraka atasema hapana ubunifu hapo, maana mama na binti hufinyanga umbo moja. Hoja hiyo ikikubaliwa, basi na shairi letu la mishororo minne, lenye mizani kumi na sita katika kila mshororo, halina mbunifu. Umbo la kurithi halimnyimi msanii sauti yake, bali humwonesha msikilizaji pa kuitafutia. Mwenye jicho huvitambua vyungu vya mikono miwili tofauti, kama vile mwenye sikio anavyowatambua washairi wawili wanaotumia vina vilevile.

Hata hivyo, kuna pahala ambapo mshairi na mfinyanzi huachana. Mshairi aghalabu hutia jina lake katika beti za tamati. Mfinyanzi hana tamati ya kujitajia. Anayenunua Tukuyu hununua chungu cha Wakisi, si chungu cha bibi fulani. Hakimiliki za zama hizi, yaani sheria ya Bara ya mwaka 1999 na ile ya Zanzibar ya mwaka 2003, zimesimama hasa juu ya mtunzi anayejulikana. Asiyetajwa hana pa kuanzia kudai haki yake. Lakini jina nalo si ngao kamili. Edward Saidi Tingatinga alikuwa na jina, na picha zake za rangi ya mafuta zilipata wanunuzi Dar es Salaam, wengi wao wageni. Alipofariki mwaka 1972, jina lake liligeuka kuwa jina la mtindo, na leo picha isiyoguswa na mkono wake huitwa tingatinga katika kila duka la watalii, Unguja ikiwamo.

Ikiwa uzuri hautoshi na jina halitoshi, ni kipi kimlishacho msanii? Jawabu la chungu ni hili: mnunuzi ajuaye. Mama anayekitaka chungu kwa ajili ya jiko lake hukiinua, hukigeuza, hukigonga kwa kidole akasikiliza mlio, kwani chenye ufa hakilii sawa na kizima. Huyo ndiye mhakiki wa kwanza, na uhakiki wake una adhabu: kibaya hurudishwa chini. Ustadi wa Ikombe umenolewa kwa kukataliwa huko.

Hatari iliyopo ni kwamba mhakiki huyo anapungua. Ndoo ya plastiki imechukua nafasi ya mtungi, na sufuria nafasi ya chungu. Anayekuja badala yake ni mgeni anayetaka pambo la kuweka rafuni. Huyo huenda akalipa zaidi, wala si dhambi kumuuzia. Lakini hakigongi chungu, maana hatakipikia. Mbele yake chenye ufa na kizima vina bei moja, na mfinyanzi mwenye njaa hana sababu ya kupoteza siku nzima akisawazisha ukuta usiotazamwa. Hivyo ndivyo sanaa inavyoweza kuongeza kipato huku ikipoteza ufundi.

Wapenzi wa ushairi wasilione jambo hili kuwa la bara peke yake. Diwani nazo hununuliwa siku ya kuzinduliwa, zikasifiwa kwa hotuba, kisha hapana anayezihesabu mizani. Msaada wa kweli kwa mfinyanzi, na kwa mshairi pia, si kununua kwa huruma. Mnunuzi na auulize jina la aliyefinyanga, aligongeshe tumbo la chungu, akikatae chenye ufa, na kile kizima akilipie thamani ya siku zilizotumika kukifanya.