Ataktos: Mvivu, au Aliyeacha Nafasi Yake?

Wako wahubiri ambao wakifika 2 Thes. 3 hawasiti: mvivu asile. Biblia Habari Njema inawaunga mkono, maana humo ataktos ni mvivu, hata katika 1 Thes. 5:14. Tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952 ilisema juu ya watu wasio na utaratibu. Twaona ya kuwa hiyo ya zamani imelikaribia zaidi neno la Kiyunani.

Ataktos latokana na tasso, kupanga, likitanguliwa na a- ya kukanusha. Ni neno la askari aliyeacha mstari wake. Katika Agano Jipya, neno hili pamoja na kielezi na kitenzi chake hupatikana katika nyaraka hizi mbili tu. Mafunjo ya Misri yametufaa: katika mkataba wa Oxyrhynchus wa mwaka 66 B.K., kijana aliyewekwa kwa mfumaji ajifunze kazi atazifidia siku atakazotoroka, na kitenzi ni hicho hicho. Uvivu waweza kuwamo, hatukatai, lakini kosa lenyewe ni kuacha nafasi aliyopewa.

Utaratibu nalo, kutoka tartibu ya Kiarabu, lina wazo la kupanga. Udhaifu wake ni kwamba siku hizi likisomwa Sumbawanga mjini, msikilizaji hufikiri barua na mhuri.

Twende basi mashambani Ufipa. Mvua zikielekea kwisha, wakulima hufukia majani katika matuta ya mviringo yapate kuoza. Msimu ufuatao matuta hutawanywa, ukapandwa ulezi. Kijana aketiye kivulini wakati wa kiangazi si ataktos. Ataktos ni yule aachaye matuta udongo ungali na unyevu, akazunguka nyumba za watu na maneno; na ndiye wa 3:11, asiyeshughulika ila na shughuli za wengine.

Tena Paulo asema juu ya asiyetaka kazi, si asiyeipata. Mzee wa kanisa amnyimaye msaada kijana asiye na shamba kwa aya hii, hakuusoma waraka. Na neno "mvivu" humwacha huru mtu mwingine: mwenye cheo na bidii nyingi, ambaye bidii yake yote huvuruga usharika. Huyo hakuna amwitaye mvivu, wala haonywi. Watafsiri wajao wangejaribu "walioacha nafasi yao"; na mhubiri asome mpaka 3:15, ambapo mtu huyo angali anaitwa ndugu.