Uga wa Pili wa Higgs: Ulivyoongezwa na Ulivyodhibitiwa

Kuongeza uga wa skala kwenye nadharia ya chembe ni kazi ya mistari michache ya hesabu. Ugumu uko katika kuuzuia usiharibu yale ambayo vipimo vimekwisha kuyathibitisha, na mfano bora ninaoufahamu ni uga wa pili wa Higgs.

Tsung-Dao Lee aliuingiza mwaka 1973. Tangu 1964 ilijulikana kuwa chembe ziitwazo kaoni, zinapooza, hazizingatii kikamilifu ulinganifu wa maada na antimaada. Lee alipendekeza kwamba kanuni zenyewe zina ulinganifu huo. Unaouvunja ni mkao wa nyuga mbili zinapotulia, kwa kuwa awamu zao hazilingani. Kila uga una sehemu 4, jumla 8. Tatu humezwa na chembe W mbili na Z ili zipate tungamo. Zinabaki chembe 5: tatu zisizo na chaji, mbili zenye chaji.

Hapo ndipo balaa lilipoingia. Kwaki zikipata tungamo kutoka nyuga zote mbili, jedwali la tungamo huwa jumla ya majedwali mawili, na kuinyoosha jumla ili kila kwaki iwe na tungamo yake si kuzinyoosha sehemu zake. Higgs isiyo na chaji ingeweza kugeuza kwaki d kuwa s moja kwa moja. Kaoni zinakataa: mgeuzo huo ungeikuza tofauti ya tungamo kati ya kaoni inayodumu na ile inayooza upesi, ilhali tofauti hiyo haifiki hata sehemu moja kati ya trilioni 100 ya tungamo yenyewe.

Mwaka 1977 Sheldon Glashow na Steven Weinberg, na Emmanuel Paschos kwa kazi yake mwenyewe, walitoa sharti: kwaki zote zenye chaji moja zichote tungamo kutoka uga mmoja tu. Sharti hilo hulindwa na ulinganifu: geuza alama ya uga mmoja na ya kwaki zinazohusika, milinganyo ibaki ileile. Hakuna namba ndogo iliyochomekwa kwa mkono, na ndiyo sababu naiheshimu sana kazi hii.

Gharama ipo. Sharti lisipolegezwa, linafuta kile Lee alichokitafuta, kwani nyuga mbili pekee haziwezi tena kuvunja ulinganifu wa maada na antimaada. Ndiyo maana modeli nyingi huruhusu kipande kimoja cha nishati ya nyuga kiuvunje kidogo ulinganifu unaolilinda sharti hilo, bila kugusa kwaki.

Mwaka 2012 CERN ilitangaza Higgs ya takriban GeV 125. Nyingine nne hazijaonekana. Katika aina ya modeli inayochunguzwa zaidi, kuoza kwa kwaki b kunakotoa fotoni kumekwisha kuiondoa Higgs yenye chaji iliyo chini ya GeV 800 hivi.