Besi Iliyozikwa Hai

Cheza …And Justice for All ya Metallica (1988) hata kwa spika za mathree. Besi utaitafuta mpaka uchoke. Si kwamba haikurekodiwa. Jason Newsted aliipiga. Steve Thompson, mmoja wa waliochanganya sauti, amesimulia kwamba mpiga ngoma Lars Ulrich ndiye aliagiza ishushwe hadi isikike kwa shida, halafu ishushwe tena.

Kuna mashabiki husema hayo yalikuwa matanga: Cliff Burton, mpiga besi aliyemtangulia Newsted, alikufa kwenye ajali ya basi Uswidi mwaka wa 1986. Mimi sikubali. Angalia majina ya watunzi. Burton yumo kwenye “To Live Is to Die”. Newsted yumo kwenye “Blackened”, wimbo unaofungua albamu. Marehemu alikumbukwa, sawa. Lakini aliye hai ndiye alizikwa.

Albamu ilitolewa upya 2018, na besi ikabaki pale pale chini. Magitaa ni moto, sikatai. Ila ninachosikia ni mgeni kazini: jasho lake limo, jina lake liko kwenye karatasi, sauti yake hakuna. Wasee wengi tunaijua hiyo kazi.