Wapima Nyota kwa Saa

Mtafiti wa jozi za eksirei hana picha ya kukuonyesha. Ukimtembelea mezani pake, atakachokufungulia kwenye kompyuta ni orodha ndefu ya nyakati. Kila mstari ni fotoni moja: imefika lini, hadi sehemu ya milioni ya sekunde, na imekuja na nishati kiasi gani. Basi, hakuna zaidi. Kitu chenyewe kiko mbali kiasi kwamba darubini zote za eksirei hukiona kuwa nukta tupu. Hata hivyo, kutokana na orodha hiyo kavu, mtu huyu atakueleza kitu kile kina uzito gani, kinajizungusha mara ngapi kwa sekunde, mwenzake yuko umbali gani, na kama kina uso au hakina. Nimesoma habari za fani nyingi za sayansi, na sijaona nyingine inayotoa mengi hivyo kutoka katika machache hivyo.

Mambo yenyewe huanzia kwa nyota mbili zilizozaliwa pamoja, zikizungukana. Iliyo kubwa humaliza nishati yake mapema na kuporomoka. Ikiwa haikuzidi sana, hubaki nyota ya nyutroni: uzito wa Jua letu na karibu nusu yake tena, uliobanwa ndani ya tufe lenye upana wa kilomita 24 hivi. Ikiwa kubwa zaidi, hubaki shimo jeusi. Yule mwenzake bado yu hai, na gesi yake huanza kuvutwa. Gesi hiyo haidondoki moja kwa moja; huzunguka, hutandaa ikawa diski, husuguana yenyewe kwa yenyewe hadi ikafikia joto la mamilioni ya nyuzi, na katika joto la namna hiyo mwanga unaotoka ni eksirei.

Angahewa ya dunia huzizuia eksirei zote hizo, jambo ambalo ni salama ya miili yetu. Ndiyo maana elimu hii haikuwezekana kabla ya roketi. Mnamo Juni 1962 Riccardo Giacconi na wenzake walirusha roketi ndogo kutoka White Sands, New Mexico, kutafuta eksirei za Mwezi. Roketi ilikaa juu ya angahewa kwa muda usiofika dakika 6. Eksirei za Mwezi hawakuziona, ila katika kundinyota la Nge walikuta kitu kinachong'aa kupita matarajio yote, kikaitwa Scorpius X-1. Dakika 6 zilitosha kujua kwamba kuna anga nyingine isiyojulikana. Kuisoma kulihitaji chombo kinachobaki juu.

Chombo hicho kiliondoka pwani yetu. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco ambalo Waitaliano walilisimamisha baharini katika Ghuba ya Ungwana, kaskazini ya Malindi, ilirushwa setilaiti ya Wamarekani, ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za anga tu. Siku hiyo Kenya ilikuwa inatimiza miaka 7 ya uhuru, na Marjorie Townsend, aliyesimamia mradi huo, akaipa setilaiti jina Uhuru. Mahali palichaguliwa kwa hesabu: karibu na ikweta dunia yenyewe huipa roketi msukumo mkubwa zaidi, na setilaiti inayozunguka juu ya ikweta huepuka kwa kiasi kikubwa ukanda wa chembe za umeme ulio juu ya Atlantiki ya kusini, ambao huvuruga vigunduzi. Ariel 5 ya Waingereza ilifuata njia hiyohiyo mwaka 1974, na SAS-3 ya Wamarekani mwaka 1975. Baadaye jukwaa likaacha kurusha, lakini kituo cha nchi kavu kiliendelea. BeppoSAX, Swift, NuSTAR na IXPE, setilaiti ambazo kila mtafiti wa fani hii anazitaja, zote zimeshusha takwimu zake Malindi. Naona ni haki ya mtoto anayesoma sekondari Malindi au Lamu kufundishwa jambo hili darasani, tena kwa majina na tarehe.

Uhuru ilijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa dakika 12, huku vigunduzi vyake vikifagia anga ukanda kwa ukanda. Ilipokamilisha kazi, orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339. Idadi hiyo ni kubwa, lakini mimi husimama kwenye chanzo kimoja, Centaurus X-3, kwa sababu ndipo ufundi wa saa ulipojionyesha wazi.

Mwaka 1971 kikundi cha Giacconi kiliona kwamba Centaurus X-3 hupiga mapigo, moja kwa kila sekunde 4.8. Kisha wakagundua kwamba mapigo hayashiki mwendo mmoja. Huharakisha kidogo, hulegea kidogo, na hurudia mtindo uleule kila baada ya siku 2.1. Na katika kila duru hiyo, kwa karibu nusu siku, hunyamaza kabisa. Fikiria mpiga ngoma aliye ndani ya jahazi usiku, asiyebadili mkono wake hata kidogo. Jahazi likija kwako, pigo linalofuata lina safari fupi kuliko lililotangulia, nawe husikia ngoma imeharakisha. Likienda zake, husikia imelegea. Wewe uliye ufukoni huoni jahazi, ila ukiwa na saa nzuri unaweza kuchora njia yake yote.

Ndivyo walivyofanya. Tofauti za nyakati ziliwaonyesha kwamba kitu kile huzunguka katika njia ambayo nusu ya upana wake ni sekunde 40 za mwendo wa nuru, yaani kilomita milioni 12 hivi, kikikimbia zaidi ya kilomita 400 kwa sekunde. Ule ukimya wa nusu siku ni pale kinapopita nyuma ya nyota kubwa. Nyota hiyo kubwa hakuna aliyekuwa ameitambua bado! Wojciech Krzemiński aliipata kwa darubini za kawaida mwaka 1974, ikiwa na duru ileile ya siku 2.1. Uzito wake mkubwa, ukubwa wake, uwepo wake wenyewe, vilikuwa vimekwisha kusomwa kwenye mapigo ya mwenzake.

Mapigo hayo ni ya nyota ya nyutroni inayojizungusha; shimo jeusi halipigi mapigo ya namna hiyo. Hapo mtafiti hugeuza kazi: humwacha asiyeonekana na kumfuata anayeonekana. Mfano ninaoupenda ni V404 Cygni. Mwaka 1938 nyota hiyo iliwaka ghafla, ikaandikwa katika vitabu vya falaki kama nova, ikasahauliwa. Mei 1989 setilaiti ya Kijapani, Ginga, ikaona mlipuko mkali wa eksirei kutoka palepale. Wakati wa mlipuko, mng'ao wa diski humeza nuru ya nyota ya kawaida, na hakuna linaloweza kupimwa juu yake. Kwa hiyo Jorge Casares, Phil Charles na Tim Naylor walisubiri. Moto ulipozimika na watu wengine wakahamia kwenye vitu vingine, wao waliielekezea darubini ya kisiwa cha La Palma ile nyota hafifu iliyobaki, wakapima mistari ya spektra yake usiku baada ya usiku, jinsi inavyohama kuelekea wekundu na kurudi kuelekea buluu.

Walichopata, mwaka 1992, ni namba mbili: duru ya siku 6.5, na kasi inayozidi kidogo kilomita 200 kwa sekunde. Kwa mtu anayezijua sheria za Kepler, mbili hizo zinatosha kutoa uzito wa chini kabisa ambao mwenzake asiyeonekana anaweza kuwa nao, hata ukichukulia kwamba tunautazama mzunguko huo kutoka ubavuni kabisa na kwamba nyota inayoonekana haina uzito wowote. Jibu lilizidi Jua mara 6. Nyota ya nyutroni haiwezi kubeba uzito unaozidi mara 3 ya Jua bila kuporomoka. Hakuna maada ijulikanayo inayoweza kuustahimili. Hapakubaki nafasi ya ubishi. Uthibitisho ulio safi kuliko nyingi kabla yake ulitoka kwa watu waliofanya kazi baada ya kelele kwisha. Jitu lile lililala hadi tarehe 15 Juni 2015, Swift ilipoliona likiamka, na kwa wiki mbili hivi darubini za mabara yote zililielekea.

Kuna njia nyingine ya kuzitenganisha familia hizi mbili, na kwangu ndiyo iliyo nzuri kupita zote. Gesi inayoanguka juu ya nyota ya nyutroni hufika mahali: kuna uso, nayo hurundikana juu yake kwa saa kadhaa, ikibanwa na uvutano wa kutisha. Rundo likifika kina cha mita chache, hidrojeni na heliamu iliyomo hulipuka kinyuklia, na uso mzima huwaka kwa sekunde 10 au dakika moja, kisha hupoa. Milipuko hiyo ilitambuliwa mwaka 1975 katika takwimu za setilaiti ya Kiholanzi, ANS. Ukipima mng'ao na joto wakati inapopoa, unaweza kukokotoa eneo la uso unaowaka, na jibu hutoka nyota yenye nusu-upana wa kilomita 10 hivi. Shimo jeusi halina uso. Gesi huvuka mpaka wake ikapotea, hakuna kinachorundikana, hakuna kinachowaka. Cygnus X-1, shimo jeusi jingine, imetazamwa tangu siku za Uhuru na haijatoa mlipuko hata mmoja wa aina hiyo. Kuwa na hakika juu ya jambo ambalo halikutokea huhitaji uangalifu mkubwa kuliko kushuhudia lililotokea, na watu hawa wameuweka uangalifu huo kwa zaidi ya nusu karne.

Mapigo mengine hayaonekani hata ukikodoa macho kwenye grafu, kwa kuwa yamefukiwa ndani ya makelele ya fotoni. Hayo hutolewa kwa hesabu ya Fourier, ambayo huupasua mfuatano wa nyakati katika marudio yake yote na kuuliza ni lipi lenye nguvu. Kwa njia hiyo, mwaka 1998, Rudy Wijnands na Michiel van der Klis walikuta ndani ya takwimu za setilaiti RXTE kwamba SAX J1808.4-3658, chanzo ambacho BeppoSAX ilikigundua mwaka 1996, hujizungusha mara 401 kwa sekunde. Wananadharia walikuwa wamesema tangu 1982 kwamba gesi ya mwenzake huweza kuisukuma nyota ya nyutroni hadi kasi ya namna hiyo. RXTE ilizimwa mwaka 2012, lakini orodha zake zote za nyakati ziko wazi kwa yeyote mwenye intaneti. Mwanafunzi wa Dodoma au Nairobi anaweza kuzishusha leo, akaandika programu fupi, na kilele cha mizunguko 401 kikasimama mbele yake kama kilivyosimama mbele ya wale wawili.

Wala hesabu zilizokwisha hazifungwi. Cygnus X-1 ilitajwa kuwa shimo jeusi tangu 1972, baada ya Louise Webster na Paul Murdin huko Uingereza, na Charles Thomas Bolton huko Kanada, kupima duru ya siku 5.6 ya nyota yake kubwa ya buluu. Kwa miaka kadhaa uzito wake uliandikwa kuwa mara 15 ya Jua. Mwaka 2021 James Miller-Jones na wenzake walipima upya umbali wake kwa darubini za redio, wakakuta ni miaka nuru 7,200, mbali kuliko ilivyodhaniwa. Umbali ukiongezeka, nyota ya buluu huwa kubwa zaidi, na uzito wa asiyeonekana hupanda nayo: ukawa mara 21. Shimo zito hivyo haliwezi kubaki ikiwa nyota mama ilipeperusha gesi nyingi kabla ya kuporomoka. Ikabidi wanaokokotoa maisha ya nyota kubwa wapunguze upepo katika hesabu zao na kuanza upya.