Bibi Anayepanga Siku ya Maua

Ikifika Agosti, wajukuu wanaokaa Bukoba huanza kuuliza: "Bibi, tuje lini kuona maua?" Naye huwaambia wasubiri. Mibuni ya Kanoni, hapa Karagwe, haina tarehe ya kuchanua. Husubiri mvua ya kwanza ya maana baada ya kiangazi, na ua likifunguka halikai zaidi ya siku mbili tatu. Anayetaka kutoka mjini alfajiri, ashinde kibanjani, yaani shambani, katikati ya weupe wa maua, kisha arudi jioni, lazima awe na mtu wa kumtajia siku. Mtu huyo ni Bibi. Nimemtazama akiipanga safari hiyo, na kwa kweli maandalizi yake huanza pale gunia la mwisho la kahawa linapotoka nyumbani.

Kwanza hupogoa. Vifaa vyake ni mkasi wa kupogolea, msumeno mdogo uliopinda, na tupa ya kunolea anayoichomeka kwenye kitenge kiunoni. Haanzi kukata. Huuzunguka mbuni mzima, akiinua matawi kwa mkono wa kushoto na kuyaachia polepole, kwa sababu pingili iliyokwisha kuzaa haitegemewi tena. Maua hutoka kwenye pingili changa, zile zilizokua msimu uliopita. Kila tawi analolibakiza ni mahali alipochagua ua litokee. Tawi lililochoka hulifuata hadi lilipoanzia, akakata karibu na shina, kwa mshazari, maji ya mvua yasituame kwenye jeraha. Akimaliza mti mmoja, huyapitisha meno ya msumeno kwenye moto kabla ya kwenda mwingine. Ugonjwa wa mnyauko umeua mibuni mingi mkoani Kagera, na huingia kwa urahisi palipokatwa. Hajawahi kuniambia kwamba jambo hili linachosha, ingawa mibuni ni mingi na moto wenyewe huuwasha upya kila mara upepo unapouzima.

Baada ya hapo hutandaza. Nyasi kavu hutangulia, juu yake majani makavu ya migomba, na kuzunguka shina huacha nafasi ya kiganja ili gome lisioze.

Halafu hungoja, na kungoja kwake kuna kazi ndani yake. Matumba ya maua tayari yapo, yamejibana kwenye makwapa ya majani, ya kijani, madogo, yakiwa na utomvu unaonata kidoleni. Yamelala. Jua la Juni hadi Agosti ndilo linaloyaweka katika usingizi mmoja, yaje kuamka pamoja. Mwaka ambao kiangazi hukatizwa na mvua za hapa na pale, maua hutoka vipande vipande na hapatikani siku ya kuita wageni. Ndiyo maana Bibi hafurahii manyunyu ya katikati ya kiangazi, hata kama majirani wanayashangilia.

Siku mvua iliponyesha kweli, alitoka kesho yake kabla ya chai. Aliinua matandazo, akachimba kwa vidole hadi kifundo cha mkono kikazama, akatoa udongo na kuufinyanga. Haukumeguka. Akaenda kurudia chini ya mti mkubwa wa mtoma, kwa sababu pale majani huzuia maji, kisha mara ya tatu pembeni mwa kibanja. Aliporidhika aliingia ndani, akachukua mkaa, akaitia alama kalenda iliyo ukutani. Kuanzia alama hiyo huhesabu wiki moja hadi siku 10, ila hesabu hiyo haimtoshi. Kila asubuhi huenda kukagua mibuni ile ile michache: mmoja wa juani, mmoja wa kivulini, mmoja wa bondeni kwenye baridi. Matumba hupauka kwanza. Kisha huvimba, hurefuka, huchongoka, na mwisho huwa meupe kabisa bila kufunguka. Hapo ndipo anaposhika simu.

"Njooni keshokutwa," aliwaambia. Maelekezo yaliyofuata aliyatoa kwa utaratibu, kama mtu anayesoma orodha iliyo kichwani. Washike gari la kwanza kupitia Kyaka, wateremke Kayanga, wachukue bodaboda, wafike jua halijawa kali, maana nyuki huwa wengi asubuhi. Wavae viatu vya kufunika mguu; chini ya matandazo kuna unyevu na siafu. Wasijipake manukato. Wakifika wapite kwa mstari mmoja kati ya mibuni na wasishike tawi, hata kwa picha.

Siku hiyo nilikuwepo. Kila pingili ilikuwa imezungukwa na shada la maua meupe, yenye petali tano, sita, mengine saba, hivi kwamba tawi zima lilijaa weupe kutoka karibu na shina hadi karibu na ncha. Harufu yake ni kama ya asumini, nayo huanza kumpokea mtu akiwa bado njiani. Bibi aliwaongoza wajukuu taratibu, akasimama kati ya mibuni miwili yenye majani tofauti kidogo kwa upana. Aliipanda makusudi karibu karibu. Mibuni yake ni ya robusta, na robusta haijirutubishi kwa chavua yake yenyewe; huhitaji ya mbuni mwingine wa robusta wenye nasaba tofauti, inayoletwa na upepo au nyuki. Kwa hiyo alipopanda alichukua miche ya mama mbalimbali, akaichanganya. Uzuri wote tuliokuwa tunautazama ungeweza kupukutika bila punje hata moja kama mpangilio ule usingefanywa miaka mingi nyuma.

Mchana wageni walikaa kwenye mkeka, wakala matoke, wakapewa kahawa ya kutafuna iliyochemshwa na majani ya harufu nzuri na kukaushwa. Watu wa Karagwe na Buhaya walimkaribisha mgeni kwa punje hizo kabla kahawa haijawa zao la kuuza kwa Mjerumani wala Mwingereza. Saa tisa Bibi aliwainua wote ili wawahi gari Kayanga. Hakuwaachia dakika za ziada, na alikuwa sahihi, maana wingu lilikuwa limeanza kujikusanya.

Siku ya tatu petali zilikuwa za kahawia. Alipita tena, sasa akitazama kilichobaki kwenye pingili: vinundu vya kijani, vidogo kama kichwa cha pini, vitakavyochukua miezi kumi hivi kuiva. Palipokuwa na maotea yaliyochipua shinani baada ya mvua aliyang'oa kwa mkono yakiwa bado laini, bila kisu, ili jicho la kila otea litoke lote. Kwenye mbuni mmoja mkongwe alisita. Yalikuwapo maotea manne. Aliyapima kwa macho, akatazama juu kuona mwanya wa jua uko wapi kati ya migomba, akang'oa matatu. Moja, la upande wa mashariki, aliliacha likue liwe shina jipya, lianze kutoa maua baada ya miaka miwili hivi.